Deni Halifichiki: Njia Tulizowekewa na Sheria

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Yachapishwa hapa kwa ombi la wale waliokosa kuhudhuria.)



Tulipoombwa kuchagua jambo la kuzungumza, wengine walitushauri tunene habari za vyeo na nyongeza za mishahara, maana hizo ndizo habari zipendezazo masikio ya makarani. Lakini sisi tumechagua jambo lisilopendeza, nalo ni deni. Tumelichagua kwa sababu ya mtoto mmoja wa meza.

Mwaka jana mwenzetu mmoja, ambaye jina lake hatutalitaja, hakuja kazini siku ya Jumatatu. Hakuja Jumanne, wala siku zilizofuata. Zilipopita wiki tatu tuliamriwa na mkubwa wetu kuifungua meza yake ili kazi ya Serikali isisimame. Katika mtoto wa meza, chini ya majalada, tulikuta bahasha 11, zote zimefungwa vile vile kama zilivyotoka posta. Nyingine zilikuwa za benki, nyingine za mawakili, na moja ilikuwa na mhuri wa mahakama. Mtu huyu kazi yake ilikuwa kupokea barua za watu, kuzipiga mhuri wa tarehe na kuzipeleka panapohusika. Kwa miaka 9 hakupata kuchelewesha barua ya mtu mwingine hata siku moja. Barua zake mwenyewe tu ndizo alizoziogopa.

Mkewe alikuja, akatuomba tumfungulie tumsomee. Katika barua ya tatu, benki ilimwita aje wapange upya malipo ya mkopo wake. Katika ile ya mahakama aliitwa aje aeleze kwa nini asifungwe kwa deni. Na siku aliyoitwa ilikuwa imekwisha kupita kwa wiki sita. Hata leo hatujui aliko. Wadhamini wake watatu wamo humu ukumbini, na kila mwisho wa mwezi mishahara yao hukatwa kwa deni wasilolila. Mmoja wa hao watatu ni sisi tusemao nanyi.

Basi msidhani kwamba twahubiri tukiwa tumesimama mahali pakavu. Twakiri kwamba tuliona dalili zake mapema. Tulimwona akikwepa simu, tukamwona akimwachia mkopeshaji kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, nasi tukanyamaza kwa kuona haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nasi tulimsaidia kuyaficha. Kwa hiyo tumezisoma sheria za nchi yetu ya Kenya zihusuzo jambo hili, kwa kadiri ya elimu yetu. Sisi si mawakili, na maneno haya si badala ya shauri la wakili. Lakini karani ajuaye kusoma kanuni za likizo hashindwi kusoma kanuni za deni.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba haki hii ya kukopa na kudaiwa kama mtu mzima haikuwa ya wazee wetu. Mwaka 1948 Serikali ya kikoloni iliweka sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika, na Mwafrika aliyekopeshwa zaidi ya Shs. 200 na mtu asiye Mwafrika, bila idhini, hakuweza kudaiwa deni hilo kortini. Wengine waliiita ulinzi; wazee wetu waliona kuwa wanahesabiwa kama watoto. Sheria ile imekwisha kuondoka. Leo sheria yatuhesabu kuwa watu wazima, na mtu mzima hufungua barua zake.

Sasa tuingie katika habari yenyewe. Tutaigawa katika mafungu matatu: kabla ya mahakama, mbele ya mahakama, na zile njia za Sheria ya Kufilisika.

KABLA YA MAHAKAMA

Njia ya kwanza haina gharama kubwa: ni kumwendea mwia wako mapema, kwa maandishi, na kumwomba akupangie upya malipo. Wengi hudhani kwamba kufanya hivyo ni kujitia kitanzini. Sivyo. Mwia mwenye akili apenda kulipwa kidogo kidogo kuliko kuajiri dalali. Andika barua, eleza mshahara wako na madeni yako yote, taja kiasi unachoweza kulipa kila mwezi, nawe ukitimize. Weka nakala. Tusioweka nakala ni nani, ikiwa si sisi makarani?

Katika kuzungumza na mwia, yafaa ujue mambo manne. La kwanza, Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yakataza makato yote ya mshahara kuzidi theluthi mbili za mshahara huo. Theluthi moja ni ya nyumba yako, hata kama umetia sahihi karatasi nyingi kiasi gani.

La pili, Sheria ya Mabenki, katika kifungu cha 44A kilichoanza kutumika mwaka 2007, yaiwekea benki mpaka wa riba. Mkopo ukisha kuharibika kwa kutolipwa, riba ambayo benki yaweza kudai tangu hapo haiwezi kuzidi lile deni la asili lililokuwa limebaki siku ile ulipoharibika. Tuseme siku hiyo ulidaiwa Shs. 200,000. Riba haiwezi kuzidi Shs. 200,000 nyingine, na jumla haiwezi kupita Shs. 400,000, bila kuhesabu gharama za kukusanya deni. Kwa hiyo omba hesabu kwa maandishi, ukae nayo kitako na kalamu.

La tatu ni mikopo ya simu. Kanuni za mwaka 2022 ziliwataka wakopeshaji wa simu wapate leseni ya Benki Kuu ya Kenya, zikawakataza kutukana, kutisha, na kuwapigia simu jamaa na marafiki wa mdeni ili kumtia aibu. Anayefanyiwa hayo aweza kupeleka mashtaka yake Benki Kuu. Deni lako halimpi mtu ruhusa ya kumtukana mama yako.

La nne, jina lililoandikwa katika ofisi za kumbukumbu za mikopo haliandikwi humo milele. Habari mbaya huondolewa baada ya miaka 5 tangu deni kumalizika, na tangu kanuni za mwaka 2020 deni lisilofika Shs. 1,000 haliandikwi kabisa. Kila mtu ana haki ya kuuliza aone yaliyoandikwa juu yake, na kuyakanusha yakiwa si kweli.

MBELE YA MAHAKAMA

Ikiwa mapatano yameshindikana, mwia huenda mahakamani. Kwa deni lisilozidi Shs. 1,000,000 aweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Mahakama hiyo yatakiwa kumaliza shauri kwa siku 60, na mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Siku 60 si nyingi. Aliyeweka samansi katika mtoto wa meza atashtuka hukumu imekwisha kutolewa bila yeye kusikiwa.

Usiende mahakamani kukana deni la kweli. Lakini kama deni si lako, au hesabu si sahihi, sema. Kama deni ni la zamani, hesabu miaka: kwa kawaida deni la mapatano haliwezi kushtakiwa baada ya miaka 6. Lakini jihadhari, maana ukilipa sehemu yake au ukilikubali kwa maandishi, miaka huanza kuhesabiwa upya.

Na kama deni ni la kweli nawe huna fedha za kulilipa kwa mara moja, iko njia ambayo wengi hawaijui. Kanuni za Madai za mwaka 2010, Amri ya 21, zairuhusu mahakama kuamuru deni lilipwe kwa mafungu, ikiwa mdeni ataonyesha sababu ya kutosha. Lete karatasi ya mshahara, lete risiti za ada za watoto, lete fungu la kwanza mkononi. Hakimu humwamini zaidi mtu aliyekuja na shilingi kuliko aliyekuja na machozi.

Ikiwa hukumu haikulipwa, mwia aweza kumtuma dalali. Dalali hana budi kukupa notisi ya siku 7 kabla ya kuchukua vitu vya nyumbani. Tena si kila kitu huchukuliwa: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdeni na mkewe na watoto wake havikamatwi, wala zana ampatiazo mtu riziki yake, kwa kadiri sheria ilivyoweka. Na ikiwa umeweka shamba au nyumba rehani, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yamlazimisha mkopeshaji akupe notisi isiyopungua miezi 3 ili urekebishe malipo, kisha notisi nyingine isiyopungua siku 40 kabla ya kuuza. Nyumba ya mke na mume haiwekwi rehani pasipo ridhaa ya wote wawili.

Sasa twaja kwenye gereza, maana hilo ndilo lililomkimbiza mwenzetu. Ni kweli kwamba Sheria ya Madai yaruhusu mdeni kufungwa, muda usiozidi miezi 6. Lakini hafungwi kwa kuwa ni maskini. Kwanza huitwa aje aeleze, nayo mahakama hutazama kama anazo fedha naye akataa kulipa, au anaficha mali, au ataka kutoroka. Mwia ndiye atoaye fedha za chakula cha mfungwa, na kifungo hakifuti deni. Sasa pimeni wenyewe, ndugu zetu. Mwenzetu alikimbia kwa kuogopa kufungwa. Na kule kukimbia ndiko kulikompa mwia hoja ya kumfunga. Kama angalikwenda siku ile na karatasi yake ya mshahara, huenda angalirudi jioni kula na wanawe.

NJIA ZA SHERIA YA KUFILISIKA

Fungu la tatu lamhusu yule ambaye madeni yake yamemzidi kabisa, wia ni wengi, na kila mmoja avuta upande wake. Kwa mtu huyu Bunge lilipitisha Sheria ya Kufilisika ya mwaka 2015, ikaondoa ile ya zamani tuliyorithi kwa wakoloni. Sheria ya zamani ilijua karibu njia moja tu, kumtangaza mtu mufilisi. Hii mpya imefungua milango minne, na kila mlango una watu wake.

Mlango wa kwanza ni mapatano ya hiari na wia. Mdeni hutengeneza pendekezo kwa msaada wa mtaalamu mwenye kibali cha kazi hiyo, na Mahakama Kuu yaweza kumpa amri ya kumkinga kwa siku 14 ili wia wasimshike huku na huku wakati pendekezo linapotazamwa. Wia hukutana na kupiga kura. Likikubaliwa kwa wingi unaotakiwa, huwafunga hata waliokataa. Tuchukue mfano. Mtu adaiwa Shs. 384,000 na wia watano. Asema, “Nitatoa Shs. 8,000 kila mwezi kwa miezi 36.” Hiyo ni Shs. 288,000, yaani senti 75 kwa kila shilingi. Wia wakiona kwamba wakimfilisi watapata senti 20 tu, watakubali 75. Lakini mwenye rehani haondolewi haki yake pasipo yeye mwenyewe kuridhia, na mtaalamu naye hutaka ujira wake. Mlango huu wamfaa mwenye mshahara wa kudumu, kama walivyo wengi wetu.

Mlango wa pili ni amri ya kulipa kwa mafungu, itolewayo na Mpokezi Rasmi, yaani yule afisa wa Serikali asimamiaye mambo ya waliofilisika. Hii ni ya madeni madogo yasiyo na rehani. Mdeni hupeleka orodha ya madeni na mapato yake. Amri ikitolewa, msimamizi hupokea mafungu na kuwagawia wia, nao hawawezi kumfuata mdeni mmoja mmoja maadamu amri yatimizwa.

Mlango wa tatu ni wa mtu asiye na kitu. Asiye na mali ya kuuzwa, wala kipato cha kulipa hata kidogo, na ambaye madeni yake si chini ya Shs. 100,000 wala hayazidi Shs. 4,000,000, aweza kumwomba Mpokezi Rasmi amwingize katika utaratibu wa wasio na mali. Mtu huingia mara moja tu katika maisha yake, na asiwe amepata kufilisika kabla. Akikaa humo miezi 12 kwa uaminifu, hufunguliwa madeni yake. Akificha mali, huondolewa, na madeni humrudia. Mlango huu haumhusu karani mwenye mshahara. Lakini wamhusu ndugu yetu aliyepunguzwa kazini, na mjane aliyeachiwa madeni aliyotia sahihi mwenyewe. Tukiwajua, tuwaambie.

Mlango wa nne ni kufilisika kwenyewe. Mdeni aweza kuomba mwenyewe katika Mahakama Kuu. Au mwia aweza kumwomba, baada ya kumpa hati ya madai na siku 21 kupita bila malipo. Mtu akiipokea hati hiyo na deni lina ubishi wa kweli, aweza kuiomba mahakama iifute. Lakini lazima aifungue bahasha kwanza! Aliyetangazwa mufilisi, mali yake hushikwa na msimamizi igawiwe wia. Hawezi kutoka katika nchi bila ruhusa, na Katiba ya mwaka 2010 yamzuia kuchaguliwa mbunge au mjumbe wa baraza la kaunti maadamu hajafunguliwa. Kazi nyingine zina masharti yake. Kwa hiyo mtumishi na asome masharti ya kazi yake kabla ya kuushika mlango huu. Pamoja na hayo yote, kufilisika kuna mwisho. Baada ya miaka 3 tangu alipotoa maelezo kamili ya mali na madeni yake, mufilisi hufunguliwa, isipokuwa pametolewa pingamizi. Hukumu ya sheria ni miaka 3. Mwenzetu amejihukumu kutoroka bila kikomo.

YASIYOFUTWA

Hatutaki mtu atoke humu akidhani kwamba tumemfundisha hila ya kula mali ya watu. Dawa ya deni ni kulipa, na sheria hii ni ya asiyeweza, si ya asiyetaka. Deni lililopatikana kwa udanganyifu halifutwi. Fedha za matunzo zilizoamriwa na mahakama hazifutwi. Anayemwandikia shemeji yake shamba usiku ili wia wasilione, mahakama yaweza kulirudisha.

Na liko jambo moja kubwa kuliko yote kwetu sisi. Mdeni akifunguliwa kwa kufilisika, mdhamini wake hafunguliwi pamoja naye. Yule aliyeweka sahihi katika chama cha akiba na mikopo kwa kumwonea mwenzake huruma hubaki na mzigo. Twalisema hili kwa kuwa twalijua mfukoni. Kwa hiyo unapodhamini, uliza deni ni kiasi gani, tena uliza ana madeni gani mengine. Kuuliza si kumdharau. Nasi tunaokopa, tukiona maji yamefika shingoni, mtu wa kwanza kumwambia na awe mdhamini wetu, asije akajua kwa karatasi ya mshahara.

Mtu mmoja alituuliza, “Je, mtumishi wa Serikali akifuata njia hizi, si ataonekana hana heshima?” Sheria ya maadili ya watumishi ya mwaka 2003 iliandika kwamba mtumishi asipuuze madeni yake. Haikusema asiwe na deni, ilisema asipuuze. Heshima ya karani ni kujibu barua.

Basi twaleta maombi matatu mbele ya Chama. La kwanza, Halmashauri ichague wanachama wawili wenye siri, wakae Jumamosi moja ya kila mwezi kusoma barua za madeni pamoja na yeyote atakayekuja. Wasitoe fedha wala hukumu. Wasome tu, waandike tarehe, na kumwelekeza mtu kwa wakili au kwa Mpokezi Rasmi. La pili, tusidhamini mtu asiyetuonyesha orodha ya madeni yake. La tatu, tukimwona mwenzetu ameacha kadi yake kwa mkopeshaji, tusinyamaze kama tulivyonyamaza sisi.

Mke wa mwenzetu angali anakuja kwetu kila mwisho wa mwezi kuuliza kama ziko barua. Zikiwapo, twazisoma naye na kuzijibu. Mwezi uliopita mmoja wa wia amekubali kulipwa kwa mafungu madogo, na mama huyu amelipa fungu la kwanza kwa fedha za mboga. Alipopewa risiti aliisoma mara mbili, akaikunja, akatuuliza, “Ilikuwa rahisi hivi?” Hatukuweza kumjibu. Mabwana na Mabibi, ukirudi nyumbani leo, itafute ile bahasha. Unaijua iliko.